Kitabu Ukipendacho Usikiazime, Kitoe

SWALI: Mzee wetu wa vitabu, salamu nyingi. Nina kitabu kimoja cha insha ambacho nimekaa nacho tangu nikiwa chuoni. Mwandishi anasimulia maisha yake mwenyewe: mama yake, nyumba walizohamahama, kazi alizoachishwa, ugonjwa wake. Baba yangu alipolazwa nilikisoma tena usiku nikiwa kando ya kitanda chake, na pambizoni nikaandika mengi, mengine kwa penseli, mengine kwa biro, na baadhi ni mambo ya ndani ya familia. Sasa wenzangu wa chama wamenisikia nikikitaja kila mara na wanakitaka. Tuko kumi na mmoja. Natamani sana wakisome, lakini naogopa wasije wakasoma siri zetu, tena naogopa kitabu kisije kikapotea. Nifute nilichoandika? Niwakatalie? Na nikikubali, nianze na nani?
Dada wa Umoja

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa kuuguza. Hukusema kama Mzee, baba yako, alipona, nami sitakuuliza hapa mbele ya watu.

Nianze na hili la kupotea, kwa sababu ndilo linalovunja urafiki. Hapa kwangu mjini Nairobi, kwenye kibanda ninachouzia vitabu, vile ninavyonunua kwa mafungu huja na majina ya wenyewe kwenye ukurasa wa kwanza, na chini ya jina mara nyingi kuna onyo: “Rudisha kwa mwenyewe.” “Hiki kina mwenyewe.” Wengine wamepigia mstari mara mbili mpaka karatasi ikatoboka. Na bado kitabu kimenifikia, kimefungwa kamba pamoja na vitabu vya shule na magazeti ya zamani. Anayeazima kitabu kwa kawaida hana nia ya kukiiba. Anasoma nusu, anakiweka juu ya kabati, halafu anahama kutoka mtaa wa Pipeline kwenda Utawala na kitabu kinaingia kwenye katoni la sufuria. Akija kukumbuka, imepita miezi mingi na anaona haya. Akikuona ng’ambo ya barabara anajifanya anazungumza na simu. Sasa umekosa kitabu, na mwenzako umemkosa vilevile.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na huwaambia hata wateja wangu: kitabu ukipendacho usikiazime, kitoe. Kitoe ukijua kimekwenda. Kama moyo haukuruhusu, kaa nacho, hakuna atakayekulaumu, na hao wenzako watafutie nakala nyingine. Njia ya katikati, ile ya kutoa huku roho inakidai, ndiyo inayoleta maneno.

Lakini barua yako inanionyesha mtu aliyekwisha kuamua kutoa, anayetafuta tu namna ya kufanya hivyo vizuri. Basi tuendelee.

Kitabu cha insha za maisha ya mtu hakipitishwi kama riwaya. Riwaya unamwambia mwenzako, anza mwanzo, usiruke, utaona mambo. Insha haikudai hivyo. Unaweza kuifungua katikati, ukasoma kurasa nane, ukafunga, na ukawa umekaa na mtu mzima akakueleza jambo moja mpaka likaisha. Insha moja humalizika kati ya Umoja na mjini, na foleni ya Jogoo Road ikiwa ile ya kawaida, unaweza hata kuirudia mara ya pili kabla ya kufika Muthurwa. Ndiyo maana usimkabidhi mtu kitabu chote na kumwambia tu “soma, ni kizuri.” Mpe insha moja. Mwambie, “Wewe anza na hii.” Kitabu kilichobaki kitafuata chenyewe.

Nitakueleza nilichokiona. Kijana mmoja mlinzi alikuwa akipita kwangu asubuhi akitoka zamu ya usiku. Alitaka kitu cha kusoma ambacho anaweza kukifunga geti likigongwa, na akirudi asiwe amesahau alipofikia. Nilimfungulia kitabu cha insha mahali ambapo mwandishi anaeleza babake alivyokuwa akinoa wembe kwenye ukanda. Alisoma palepale amesimama, mgongo ameuegemeza kwenye kibanda cha jirani yangu anayeuza soksi, begi bado begani, midomo inatembea polepole. Watu walimpita wakimgusagusa, hakuinua kichwa. Alipomaliza hakuuliza kitabu kinahusu nini. Aliuliza bei. Baadaye alikuja na mlinzi mwenzake, akachukua kitabu kutoka mkononi mwangu, na yeye mwenyewe akamfungulia mwenzake ukurasa, na si ule niliompa yeye. Alikuwa amekwisha kujua rafiki yake anahitaji upi.

Wewe unawajua hao kumi kuliko mimi. Yuko aliyefiwa na mama yake: mwekee alama kwenye insha ya mama. Yuko aliyepunguzwa kazini na bado anavaa kila asubuhi kana kwamba anakwenda ofisini: mwekee ile ya kuachishwa kazi. Kipande cha karatasi chenye jina lake, ukichomeke kwenye ukurasa, basi. Usimweleze yaliyomo. Wala usimwandikie barua ndefu ya kwa nini umemchagulia hiyo, ataelewa.

Na kuhusu nani aanze, tayari mna utaratibu. Chama chenu kina zamu ya kupokea mchango. Anayepokea pesa mwezi huu apokee na kitabu, na mkikutana tena anampa wa zamu inayofuata. Hakuna wa kulalamika kwamba amerukwa, na hakuna wa kusema alisahau nyumbani, kwa maana siku ya mkutano inajulikana. Mwezi mzima kwa kitabu cha insha ni muda wa kutosha, hata kwa mwenye watoto wadogo na kazi ya mbali.

Sasa maandishi. Hapa naomba uchukue jioni moja, uketi na kitabu, usome ulichoandika ukurasa kwa ukurasa kabla hujagusa raba. Tenga mambo mawili: yaliyo yako na yaliyo ya wengine. Ulipoandika “hapa amenena kweli” au “mimi pia,” hayo ni yako, na ushauri wangu ni uyaache. Katika kazi hii nimekutana na wasomaji wengi ambao wakishika vitabu viwili vya aina moja huchagua kile kilichoandikwa pambizoni. Mmoja aliniambia kwamba anapenda kusoma akiwa na mtu mwingine chumbani. Lakini ugonjwa wa Mzee, na maneno yaliyosemwa na ndugu zako wakati wa kulipa bili, hayo si yako peke yako ya kutoa.

Penseli hutoka. Tumia raba laini nyeupe, si ile nyekundu iliyo nyuma ya penseli, hiyo inachafua na kukwaruza. Bana ukurasa kwa kiganja karibu na mshono wa kitabu, kisha futa ukielekea nje, upande mmoja tu. Ukienda mbele na nyuma karatasi inajikunja na kuchanika hasa kwenye vitabu vya karatasi nyepesi. Makombo ya raba yapanguse kwa brashi, yasiingie mgongoni mwa kitabu.

Biro haitoki. Nasema hivi kwa sababu nimeletewa vitabu vilivyojaribiwa kila kitu: Jiki, dawa ya kutoa rangi ya kucha, wembe. Jiki hula karatasi, na ukiondoa sentensi yako upande huu umeondoa ya mwandishi upande wa pili. Kama kurasa zenye siri ni chache, kata ukanda wa karatasi nyembamba nyeupe wa kutosha pambizo tu, ubandike juu ya maandishi kwa gundi ya unga wa ngano. Koroga unga kidogo na maji, pika mpaka uwe mzito, uache upoe, upake kwa kidole safu nyembamba kabisa. Weka kipande cha nailoni kati ya kurasa, funga kitabu, ukiwekee kitu kizito juu mpaka asubuhi. Gundi isizidi, kwa maana wale wadudu wembamba wa rangi ya fedha hupenda wanga. Uzuri wa gundi hii ni kwamba siku ukitaka kuubandua, unyevu kidogo unatosha. Usitumie selotepu. Baada ya miaka michache hugeuka manjano, gundi yake hutambaa na kurasa hushikana, na hakuna fundi atakayekurudishia ukurasa huo ulivyokuwa.

Ikiwa kurasa za siri ni nyingi, basi jibu ni jingine. Hicho si kitabu tena tu, ni daftari lako la wakati ule. Kiweke. Tafuta nakala nyingine kwa ajili ya chama, na hiyo uipitishe bila wasiwasi.

Jambo la mwisho kwako. Nyuma ya kitabu, ndani ya jalada, bandika karatasi moja kama ile ambayo maktaba zilikuwa zikipiga mhuri wa tarehe. Kila anayepokea aandike jina lake la kwanza, mtaa, mwezi, na insha iliyomkaa moyoni. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Huko Marekani, mwaka 2001 walianzisha mtandao wa BookCrossing ambako kila kitabu hupewa namba, na atakayekiokota popote duniani huingia kwenye intaneti na kusema kimemfikia wapi. Ni jambo zuri kwa kitabu kinachoachwa kwenye kiti cha uwanja wa ndege. Kwa watu kumi na mmoja wanaokutana kila mwezi, penseli inatosha. Namba za simu msiandike. Iko siku kitabu hicho kitafika kwenye kibanda kama changu, na mtu msiyemjua atakisoma mpaka karatasi ya mwisho, yenye majina yenu. Hilo mimi nalitamani. Namba zenu hazimhusu.

SWALI: Mzee, wewe kila mara unasifu kupitisha kitabu mkono kwa mkono. Mimi nimepiga picha kitabu kizima kwa simu, nikakigeuza PDF. Ni cha mwandishi wa hapa Kenya, insha za kusisimua mno. Nataka kukiweka kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, tuko kama mia mbili. Watu mia mbili kwa dakika moja! Huko si kukipenda kitabu?
Kijana wa Kahawa West

JIBU: Mwanangu, mapenzi yako nayaona na siyatilii shaka. Lakini tafadhali usikitume.

Kitabu ulichonunua ni mali yako kama kiti chako. Kisome, kigawe, kiuze, mpe jirani. Sheria haikuzuii lolote katika hayo, na mimi nisingekuwa na kazi kama ingekuzuia. Ila haki ya kutengeneza nakala mpya hukuinunua. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, maandishi hulindwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 zaidi baada ya kifo chake. Mwandishi wako yuko hai, tena pengine mmewahi kusimama naye kwenye foleni moja ya matatu pale mjini.

Hata sheria isingekuwepo ningekuomba vilevile. Anayeandika riwaya amebuni watu. Anayeandika insha za maisha yake amekupa mama yake, aibu yake, chumba alichokulia. Kwa kila nakala inayouzwa anapata sehemu ndogo tu ya bei. Umpokee yote hayo kisha hata hiyo sehemu ndogo umnyime? Najua vitabu vipya ni ghali. Tangu sheria ya VAT ya 2013 kitabu hutozwa asilimia 16, na kwa maoni yangu ni kodi inayomkamata msomaji mahali pabaya. Lakini aliyeiweka si mwandishi.

Fanya hivi. Piga picha jalada na aya moja tu iliyokugusa, weka kwenye kikundi na jina la mwandishi, kisha waulize nani anataka kusoma zaidi. Watu mia mbili wakichanga shilingi 20 kila mmoja ni 4,000. Hizo zitanunua nakala kadhaa, na mkizigawa kwa mitaa, Kahawa West moja, Githurai moja, Zimmerman moja, kila moja itazunguka kwa wale walio karibu. Na wengi katika hao mia mbili, nisikufiche, wangeipakua ile PDF na wasiifungue kamwe. Simu zimejaa vitabu vya namna hiyo. Mtu aliyeletewa kitabu mlangoni na jirani yake hukifungua hata kwa heshima tu.

Hiyo PDF uliyonayo ifute. Kisha mwandikie mwandishi umwambie insha ipi iliyokusisimua na kwa nini. Waandishi wetu hupata barua chache mno za namna hiyo.

SWALI: Hujambo Mzee. Marehemu mume wangu alipenda sana vitabu vya watu wanaojieleza wenyewe, insha na kumbukumbu za maisha, vingi vya Kiingereza na vichache vya Kiswahili vya zamani. Vimejaa katoni tatu. Watoto wako mbali na hawavihitaji. Sitaki vifungiwe maandazi. Nivipeleke maktaba gani hapa Nairobi?
Mama wa South B

JIBU: Mama, pole kwa msiba, na asante kwa kuvifikiria vitabu vyake.

Maktaba zipo. Ya McMillan iko Banda Street, katikati ya jiji, na ilifunguliwa 1931. Wazee wa rika langu wanajua kwamba kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu tu, mpaka 1958 ndipo milango ilipofunguliwa kwa wengine. Nikipita mbele ya nguzo zile huwafikiria makarani na walimu waliopita hapo kila siku, wanajua kusoma, na hawaruhusiwi kupanda ngazi. Kwangu mimi, kitabu cha Mwafrika aliyejisimulia maisha yake kikiwekwa kwenye rafu za jumba lile, ni jambo la maana. Ina matawi mawili huko Eastlands, Kaloleni na Makadara, na hayo ndiyo ningeyapa kipaumbele, kwa kuwa wanafunzi wa mitaa ile huingia kwa miguu wakitoka shule. Halafu kuna maktaba za taifa, na tawi lao la Buruburu si mbali nawe.

Usiende na katoni. Andika kwanza orodha ya majina ya vitabu, waandishi na miaka, uende nayo mikononi. Mwenye maktaba ana haki ya kuchagua, na akikataa baadhi usione amekudharau. Huenda tayari wana nakala tatu za kitabu hicho hicho na rafu hazitoshi. Kabla ya kupeleka, fungua kila kitabu unuse. Kikinuka ukungu, au ukiona madoa meusi kwenye kingo za kurasa, kitenge na vingine kwa maana ukungu huambukiza rafu nzima. Kisimamishe wazi kidogo mahali penye upepo na kivuli, si juani, jua hukausha gundi ya mgongoni na kurasa zikaanza kudondoka. Msimu wa mvua za Aprili usiviache katoni zikiwa chini sakafuni.

Lakini kabla ya maktaba, Mama, ningekuomba jambo. Mumeo alikuwa na marafiki. Yuko aliyekuwa akija Jumapili wakabishana, yuko mwenzake wa kazini, yuko mpwa aliyekuwa akimwazima pesa. Wachagulie kila mmoja kitabu kimoja ambacho marehemu alikisoma zaidi, utakijua kwa jalada lililochakaa, na uwape kwa mkono wako. Ukiona alipokunja pembe ya ukurasa, usiikunjue. Mwambie mpokeaji, “Alikuwa akirudia hapa.”

Na hivyo vichache vya Kiswahili vya zamani usivichanganye na vingine. Angalia kama kuna maandishi ya Shaaban Robert, yule wa Tanga aliyefariki 1962. Watu humkumbuka kwa mashairi na riwaya, wakasahau kwamba aliandika insha pia, na alijiandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili ambacho ukikisoma kwa sauti unasikia mtu amekaa mkekani mbele yako. Matoleo ya zamani hayapatikani kirahisi hapa mjini, najua kwa sababu huulizwa mara kwa mara na sina. Yakiwamo, maktaba yapate, lakini mwombe msimamizi akuambie waziwazi kama yatawekwa rafuni watu wayaguse au yatafungiwa kabatini. Akisema kabatini, kuna walimu wa Kiswahili katika shule za sekondari za hapo karibu nawe ambao wangeyasomesha wanafunzi wao mwezi huu huu. Nenda siku ya kazi, asubuhi, uonane na mwalimu mwenyewe, si ofisi.